Pwani Isiyopwa

Neno "tuta" hunipokea mara tatu katika safari moja. Kamusi hupanga maana kwa nambari. Mimi huzipanga kwa magurudumu, kwa kuwa huzikuta moja baada ya nyingine nikitoka nyumbani Kalinzi kwenda ziwani. Tuta la kwanza ni la mkulima, lile la viazi vitamu na mihogo linalopakana na njia ninapoikokota baiskeli kutoka nyumbani hadi barabarani, katikati ya migomba na mibuni. La pili ni la lami, lililowekwa kumpunguzia dereva kasi, ambalo mpanda baiskeli wa umri wangu hulipokea kwa kiuno. La tatu ni la mchanga, kusini ya Ujiji, karibu na mahali mto Luiche unapoingia Ziwa Tanganyika. Hilo halikulimwa na mtu wala halikujengwa na serikali. Limelundikwa na upepo na mawimbi, halizidi kimo cha mtu mzima, na lina upole wa kumdanganya mgeni: kwa macho ni laini, kwa gurudumu ni gumu kuliko mlima.

Nilifundisha Kiswahili sekondari kwa muda mrefu, baada ya chuo cha ualimu kunipa chaki na barua ya kupangiwa kituo. Tangu nistaafu nimejiwekea ada ya kushuka ziwani mara moja kwa mwezi kwa baiskeli. Wenzangu wa milimani huniuliza kwa nini nisipande haisi kama watu wenye akili zao. Huwajibu kwamba kupanda huwa napanda haisi, baiskeli ikiwa imefungwa juu kwa kamba za mpira. Kushuka ndiko ninakokutaka. Barabara ya Manyovu hushuka mamia ya mita kufika Mwandiga, nayo ni lami njema. Asubuhi hukutana na wachukuzi wenye ndizi, mkaa na magunia ya mihogo, baadhi yao wakipunguza kasi kwa kukandamiza soli ya ndala juu ya tairi la nyuma, maana breki za fimbo hazitoshi kwa mzigo ule. Harufu ya mpira unaoungua hukaa puani hadi bondeni.

Msomaji wa ukurasa huu atapenda kujua kama mtu anaweza kutunga akiwa juu ya baiskeli. Katika mteremko, hapana. Akili yote huwa mkononi. Katika tambarare, naam, tena vizuri, kwa kuwa mguu wa kulia na wa kushoto hupokezana kama vipande viwili vya mshororo, na mtu akizoea huweza kutimiza mizani kumi na sita bila kuhesabu kwa vidole. Tatizo ni chombo chenyewe. Je, "baiskeli" ina mizani mingapi? Wapo wanaohesabu nne, ba-i-ske-li, kwa hoja kwamba konsonanti mbili zilizobanana hutoka kwa pumzi moja. Wapo wanaohesabu tano, kwa kuwa "daftari" tumekwisha kukubaliana kulihesabu nne, da-f-ta-ri, na "labda" tatu, na haiwezekani herufi ya "f" ipewe kiti katika daftari halafu "s" isimamishwe katika baiskeli. Mimi ni wa kundi la tano. Wachukuzi wa barabara ya Manyovu wamenitangulia katika hukumu hiyo pasipo kusoma arudhi: wao husema "baisikeli", wakaongeza irabu na kufunga mjadala.

Aliyenizoesha ubishi wa namna hii ni mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa Pangani, aliyeletwa Kigoma na uhamisho akiwa kijana asiye na mke na asiyekula mawese. Vyote viwili vilibadilika. Alioa Ujiji, akajenga Ujiji, karibu na maji kama ilivyo desturi ya watu wa kwao, akastaafu Ujiji, na miaka sita iliyopita akamzika mkewe Ujiji. Tunaitana "Mwalimu" mpaka leo, hata tunapotaniana. Yeye ndiye ninayemshukia kila mwezi, na mto Luiche ni kisingizio cha kuongeza mwendo tukishamaliza chai.

Ubishi wetu mkubwa ulihusu neno "pwani". Kwa yeye neno hilo lina mzizi usiofichika: kupwa. Pwani ni mahali ambapo maji hujaa na kupwa, ambapo mwanamke hushuka na tenga wakati wa bamvua kufuata pweza na chaza, ambapo mtu huijua saa kwa kuutazama mchanga. Ziwa, alisema, halipwi. Basi watu wa Ujiji wanaposema "nakwenda pwani" wanasema neno lisilo na kitu ndani yake, sawa na kuita bustani kichaka. Alipendekeza tubaki na "mwalo", ambalo kila mvuvi wa Kibirizi na Katonga analo mdomoni: mahali mitumbwi inapofikia, samaki wanaposhushwa na dagaa wanapoanikwa.

Nilimjibu kwa hoja mbili. Ya kwanza ni ya historia. Kiswahili cha Ujiji hakikuletwa na vitabu vya shule. Kilifika na misafara ya karne ya kumi na tisa, kikakutana na Waha na Wajiji wa hapa, na Wamanyema, Wabembe na Wagoma waliovuka kutoka ng'ambo, kisha kikavuka tena kwenda Kongo kikiwa na sura mpya. Mji uliomzaa Sheikh Kaluta Amri Abedi mwaka 1924, yule ambaye kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954 kiliwafundisha wengi wetu kuhesabu vina kabla hatujajua kutunga, hauwezi kuambiwa umeazima neno la pwani bila ruhusa. Neno likishalala usiku elfu moja kwenye nyumba, si mgeni tena. Hoja ya pili ni ya mwezi. Bahari huufuata mwezi kwa maji. Ziwa huufuata kwa samaki. Mvuvi wa dagaa wa Tanganyika huvua usiku kwa taa, zamani karabai na leo balbu za betri, na mbalamwezi ikitanda hupumzika, kwa kuwa dagaa hawakusanyiki kwenye taa wakati anga zima ni taa. Kwa hiyo mwalo nao una majira yake ya kujaa watu na kupwa watu, kwa kalenda ileile inayotawala Pangani. Hakukubali. Alisema ninatumia sitiari mahali palipohitaji ushahidi.

Ushahidi ulikuja wenyewe, na haukuja kwa upole.

Ziwa Tanganyika hupokea maji ya mito mingi, Rusizi kutoka kaskazini na Malagarasi kutoka mashariki ikiwa mikubwa zaidi, lakini hutoa maji kwa mlango mmoja tu, mto Lukuga, huko Kalemie upande wa Kongo. Mlango huo ni mwembamba na wa polepole. Mvua zikizidi kwa misimu mfululizo, ziwa hupanda, wala haliteremki kesho yake. Kuanzia mwaka 2020 lilipanda hivyo, likameza vibanda, bustani na barabara za ufukweni katika nchi zote zinalolizunguka, na masika ya 2024 yakaongeza juu ya yaliyokwishaongezeka. Njia niliyokuwa nikiipita kwa baiskeli kati ya michikichi na mchanga, njia ngumu ya tope lililokauka ambayo gurudumu liliipenda, sasa ni maji yenye mafunjo. Matuta ya mchanga niliyoyataja yamesogea bara. Mengine yamebaki visiwa vidogo ambavyo yangeyange husimama juu yake kama wanafunzi waliosahau kengele.

Jambo hili si geni kwa ziwa lenyewe. Cameron, Mwingereza aliyepita mwaka 1874, aliukuta Lukuga karibu umezibwa na mimea na mchanga, na ziwa likipanda. Miaka michache baadaye kizibo kile kilipasuka, maji yakakimbilia Kongo, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Ndiyo sababu mahali pa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana Ujiji mwaka 1871 wakati mji na maji vilikuwa vikigusana, leo pako mbali na ufukwe, na mgeni husimama pale chini ya miembe akijiuliza ziwa liko wapi. Sisi tuliojenga karne iliyofuata tulijenga juu ya ardhi ambayo ziwa lilikuwa limeiacha kwa muda. Hakuna aliyetuonyesha hati ya mkopo huo.

Usiku mmoja wa masika yale nilipata ujumbe wa simu kutoka kwa rafiki yangu. Hakuanza kwa salamu. Ulikuwa ubeti:

Maji yapo mlangoni, hodi hayakuibisha,
Yamepita na uani, michikichi kuiosha,
Waniita pwani, pwani, wanangu wanikumbusha,
Nijibu wangu mwandani, ni lipi la kunivusha?

Wanawe wako Tanga. Tangu mama yao afariki wamekuwa wakimwomba arudi, na maji yalipofika kizingitini maombi yakawa amri. Walikwisha kumtafutia chumba. Nauli ya treni ilikuwa tayari. Wana hoja nzuri. Mzee wa miaka sabini, peke yake, ndani ya nyumba yenye maji, na nyoka wa maji akionekana jikoni, ni jambo ambalo mtoto mwenye adabu hawezi kulitazama kwa mbali. Nami nilijua kisichosemwa katika ubeti ule: akienda Tanga hatarudi, na kaburi la mkewe, lililoko juu kabisa ya mji ambako maji hayawezi kufika, litabaki bila mtu wa kung'oa majani.

Kanuni ya majibizano haina huruma. Ukiulizwa kwa vina, unajibu kwa vina vilevile, na jibu la kuchelewa lina harufu ya woga. Nililala na -ni na -sha kwa siku nne. Kila nilipojaribu kumshauri aende, mshororo wa tatu ulikataa. Kila nilipojaribu kumshauri abaki, niliwaona wanawe. Siku ya tano nilishuka. Mvua ilikuwa imekatika lakini barabara ilikuwa na maji kila bonde, na baada ya Mwanga nilishuka kwenye baiskeli nikaikokota, viatu vikiwa vimefungwa kwenye usukani. Nilimkuta juu ya kitanda, kitanda kikiwa juu ya matofali, vitabu vikiwa juu ya kabati, na yeye akiwa amevaa shati lililopigwa pasi. Alisema, "Karibu pwani, Mwalimu." Sikujua kama ananitania au amekubali kushindwa, na sikuuliza.

Nilimpa jibu palepale, kwenye karatasi iliyolowana pembeni:

Kaa kwanza kilimani, maji yana kujishusha,
Lukuga uko kazini, taratibu wayavusha,
Na aliye kaburini, nani dua tampasha?
Tungoje kiangazini, hapo ndipo tutabisha.

Alilisoma mara mbili. Kwanza alisahihisha. Alisema mshororo wa kwanza unajikwaa kwenye "yana", na kwamba "tutabisha" lina maana mbili, ya kubisha hodi na ya kubisha neno, naye hataniuliza ni ipi niliyokusudia. Nikamwongezea ya tatu, ya mabaharia wa kwao, ya jahazi kubisha dhidi ya upepo. Alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akasema wanawe hawali mashairi, na kwamba atahitaji chumba.

Chumba kilipatikana sehemu ya juu ya Ujiji, kwa mjane anayeuza mawese, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka makaburini. Vitabu vilihamishwa kwa baiskeli yangu, safari saba, kila safari fungu moja kwenye keria, na hapo ndipo nilipoamini kwamba kamusi ni mzigo mzito kuliko mkungu wa ndizi. Kabla ya kufunga nyumba ya chini alinitaka nipige msumari ukutani, pale maji yalipokuwa yamefika. Niliupiga kwa jiwe. Wanawe niliwapigia simu mimi mwenyewe. Mkubwa wao alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Shikamoo tena, Baba, lakini likimpata la kumpata ni juu yako." Nililikubali neno hilo, nalo lingali juu yangu.

Safari za miezi iliyofuata zilitufundisha msamiati. Tukiwa na chai ya chupa tulikwenda mpaka tulikoweza kando ya bonde la Luiche, mimi nikikokota baiskeli, yeye akishika keria kama mkongojo, na tukawauliza wakulima wa mpunga na wavuvi majina ya kila kilicholowa. Nyaraka za serikali zina neno zuri, "ardhioevu", ndilo linalotumika kwa eneo kubwa la Malagarasi na Muyovozi ambalo mwaka 2000 lilikuwa la kwanza nchini kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, zaidi ya hekta milioni tatu za mito, maziwa, mafunjo na nyasi. Ni neno lenye mantiki, limeundwa kwa sifa ya -oevu, nami silipingi. Ila ni neno pana mno kwa mtu aliyesimama ndani ya kitu chenyewe akitafuta pa kuweka mguu. Mkulima hatembei katika ardhioevu. Hutembea kwenye jaruba, ambalo lina kingo na mwenyewe. Kwenye kinamasi, kisicho na kingo wala mwenyewe. Kwenye dimbwi, ambalo kesho halipo. Kwenye bwawa, ambalo kesho lipo. Na kuna mbuga. Wanafunzi wangu wa miaka ya mwisho walipolisikia neno hilo waliona simba na magari ya watalii. Kwa watu wa magharibi ya nchi yetu mbuga ni bonde la udongo mweusi linalofurika masika na kupasuka kiangazi, mahali pa mpunga na malisho. Maana ya pili imeifunika ya kwanza kama ziwa lilivyofunika njia yangu, na sijui mwalimu gani wa leo ana dakika tano za kuifukua.

Kuhusu matuta ya mchanga tulitofautiana tena. Yeye alisema kwao "fungu" ni la mchanga wa baharini, lile linalojitokeza maji yakipwa, na kwamba mchanga wa nchi kavu uliolundikwa na upepo ni tuta au kilima, kama ule wa Shela kisiwani Lamu, ambao pamoja na ukavu wake wote huhifadhi chini yake maji matamu yanayonywewa mjini. Nikamwonyesha tuta la Luiche lililozungukwa na maji pande zote, nikamuuliza: hili ni tuta au ni fungu? Jana lilikuwa nchi kavu, leo liko ziwani, kesho hatujui. Mvulana mmoja aliyekuwa akitega samaki karibu nasi alisikia, akasema bila kuulizwa, "Babu, hapo sisi tunapaita palipobaki." Rafiki yangu alitoa daftari (mizani minne) akaliandika.

Kiangazi kilikuja. Upepo wa kusini ulianza kupiga kama ada yake, mawimbi yakawa marefu, wavuvi wakalalamika. Mwezi wa Agosti tulikwenda kuitazama nyumba ya chini. Sakafu ilikuwa tope lililopasuka, mlango umevimba, na juu ya ukuta mstari wa maji ulikuwa wazi, kahawia chini na nyeupe juu. Msumari wangu ulikuwa umeshika kutu. Maji yalikuwa yamesimama hatua tisa kutoka kizingitini. Alizihesabu kwa sauti, kama mizani.

Tulirudi mwezi uliofuata. Hatua kumi na nne.

Mwalimu hutembea na kipande cha chaki mfukoni, ugonjwa tulionao wengi. Alikitoa, akasogea ukutani, akaandika chini ya msumari jina la mwezi na tarehe, kwa mwandiko ule wa ubao ambao haujatetereka. Alisita kidogo. Kisha akaongeza neno moja: "limepwa".

Nilisimama kimya huku nimeishika baiskeli. Alinigeukia na kuniambia nisilifurahie sana, kwamba ni neno la dharura tu, na kwamba chaki hufutika.